printf ya kwako kwa C: uifunike iliyopo, au uandike yote mwenyewe?

Anayeamua kuandika `printf` yake kwa C, yaani funksheni inayochapa maandishi kwa kufuata muundo wenye vibainishi kama `%d`, huwa anaanzia kwenye herufi za vibainishi hivyo: nitakubali `%d`, `%s`, `%x`, labda na `%p`. Anafungua `switch`, anajaza `case` moja baada ya nyingine, na jua likizama ana kitu kinachochapa. Mimi nimeifanya kazi hii mara tatu, kwa sababu tatu tofauti, na mara zote kilichonirudisha mezani hakikuwa herufi. Kilikuwa mlango: baiti zinatokea wapi, kwa mikupuo gani, na nani anazihesabu. Ndiyo maana ulinganisho huu nimeupanga kwa kufuata mlango, na herufi zitakuja njiani.

Njia zenyewe ni nne. Unaweza kuifunika `vsnprintf` iliyopo, ndugu ya `printf` inayoandika kwenye bafa (nafasi ya muda ya kumbukumbu) badala ya skrini. Unaweza kuanza sifuri na kutoa herufi moja moja. Unaweza kuanza sifuri lakini ukakusanya kwenye bafa kwanza. Na unaweza kuandika injini isiyojua lolote kuhusu mlango, ukaipa mlango kama kigezo. Ipo ya tano, ya kusajili herufi mpya ndani ya `printf` ya glibc, maktaba ya C iliyozoeleka kwenye Linux, kwa `register_printf_specifier`, ila nitaitaja mara hii tu na kuiacha: inabadilisha tabia ya programu nzima, ukihama glibc haipo, na kompaila itaendelea kulalamika kuhusu herufi usiyoijua.

## Kufunika vsnprintf

Kama una maktaba ya C, anzia hapa, na uwezekano mkubwa utaishia hapa. Unataka kila mstari uanze na saa? Unataka ujumbe uende kwenye faili na skrini kwa pamoja, au upite kwenye mtandao? Hakuna kati ya hayo linalokudai ujue namna ya kugeuza namba kuwa herufi. Maktaba inaijua kazi hiyo kuliko wewe na mimi.

```c
int andika_logi(const char *muundo, ...)
{
    char bafa[256];
    va_list v;

    va_start(v, muundo);
    int n = vsnprintf(bafa, sizeof bafa, muundo, v);
    va_end(v);
    if (n < 0)
        return n;

    size_t urefu = (size_t)n < sizeof bafa ? (size_t)n
                                           : sizeof bafa - 1;
    tuma(bafa, urefu);
    return n;
}
```

Mstari wa `urefu` ndio unaosahaulika. Kwa kiwango cha C99, `vsnprintf` hairudishi idadi ya herufi ilizoandika, inarudisha idadi ambayo ingeandika kama nafasi ingetosha. Ujumbe wa herufi 300 kwenye bafa ya 256 unakupa `n` ya 300. Ukiituma `n` hiyo ilivyo, unasoma baiti 44 zilizo nje ya bafa na kuzitoa hadharani, na kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu ambako bafa hiyo inakaa, hujui nani alipita hapo kabla yako. Huenda ilikuwa nywila.

Mtego wa pili ulinipata mwenyewe. Sikutaka ujumbe mrefu ukatwe, kwa hiyo usipotosha kwenye bafa nikawa naita `vsnprintf` mara mbili: ya kwanza kupima, ya pili kuandika kwenye nafasi niliyoiomba kwa `malloc`. Kwenye mashine ya zamani ya biti 32 kila kitu kilikwenda sawa. Nilipohamia Linux ya biti 64, ujumbe mfupi ulitoka sahihi siku zote, lakini ule mrefu ulitoka na namba ambazo sikuzitambua. Nilihangaika na `malloc` siku nzima, na `malloc` haikuwa na hatia. Kwenye x86 ya biti 32, `va_list`, kishikio cha vigezo vinavyosubiri kusomwa, huwa ni pointa tu, ukiipitisha inakwenda nakala. Kwenye x86-64 ya Linux ni safu yenye muundo mmoja wa baiti 24, na safu katika C hupitishwa kwa anwani. Mwito wa kwanza ulikuwa umeshakula vigezo vyote. Wa pili ukaanzia pale wa kwanza ulipoishia. Dawa ni `va_copy` kabla ya mwito wa kwanza, pamoja na `va_end` kwa kila nakala. Kiwango kinasema wazi kwamba `va_list` ikishapita mikononi mwa `vsnprintf` thamani yake haitabiriki. Ile mashine ya zamani ilikuwa inanifichia kosa langu.

Faida kubwa ya njia hii haiko hata kwenye msimbo wako. Kwa kompaila za GCC na Clang unaweza kutangaza funksheni yako hivi:

```c
int andika_logi(const char *muundo, ...)
    __attribute__((format(printf, 1, 2)));
```

Kuanzia hapo kompaila inakagua kila mwito kama inavyokagua `printf` yenyewe: ukitoa `long` mahali pa `%d` unapata onyo (kwa GCC, ukiwa umewasha `-Wall`). Ukiwasha na `-Wformat-security`, unaonywa pia ukiandika `andika_logi(ujumbe)` badala ya `andika_logi("%s", ujumbe)`. Hilo la mwisho si unadhifu tu. Maandishi ya mtumiaji yakiingia kama muundo, `%x` chache zinatosha kusoma staki yako, na `%n`, ambayo huandika hesabu kwenye kumbukumbu, inamfungulia mlango wa kubadilisha data. Ukiandika ya kwako kutoka sifuri, `%n` iache nje. Sijawahi kuona mtu akiililia.

Udhaifu wake? Unabeba uzito wa maktaba nzima, na huwezi kuongeza herufi yako. Kwenye maikrokontrola uzito huo unauma. Newlib kamili, maktaba ya C ya vifaa vidogo, inaweza kuita `malloc` inapogeuza namba za desimali, jambo usilolitaka ndani ya katizo (interrupt). Newlib-nano, toleo lake jepesi, nayo inaziacha desimali nje mpaka uiambie linka `-u _printf_float`, na wengi hugundua hilo pale `%f` yao inapotoa nafasi tupu.

## Kuanza sifuri, herufi moja moja

Hii ndiyo njia ya mwanafunzi, na kama lengo lako ni kujifunza basi ni njia nzuri. Unapita kwenye muundo herufi kwa herufi; isiyo `%` unaitoa kwa `write(1, &c, 1)`, ukikuta `%` unaangalia inayofuata. Namba unaitoa kwa kujiita:

```c
void toa_namba(int n)
{
    if (n < 0) {
        toa('-');
        n = -n;
    }
    if (n >= 10)
        toa_namba(n / 10);
    toa('0' + n % 10);
}
```

Inapendeza kuisoma. Sasa ipe -2147483648, yaani `INT_MIN`. Kinyume chake, 2147483648, hakitoshi kwenye `int` ya biti 32, na kiwango hakikuahidi chochote hapo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba `n` inabaki vilevile, hasi. Sharti la `n >= 10` linakataa, kisha `n % 10` inatoa -8, na 48 kutoa 8 ni 40, ambayo kwenye ASCII ni mabano ya kufungua. Skrini inaonyesha `-(` na hakuna zaidi. Ukiona kistari na mabano kwenye tokeo la mtu, unajua alichoandika bila kuuona msimbo wake. Suluhisho ni kuhamia `unsigned` kabla ya kugeuza alama: `0u - (unsigned)n`.

Kujiita huku kuna kasoro nyingine ambayo haionekani mpaka ufike kwenye upana. Kwa `%8d` unahitaji kujua namba ina tarakimu ngapi kabla ya kutoa ya kwanza, ilhali wewe unazijua tarakimu baada ya kuzitoa. Wengi hapa huongeza funksheni ya kuhesabu tarakimu, halafu nyingine ya heksadesimali, halafu nyingine ya `long`. Kabla ya kufika huko, badilisha njia.

Na gharama ya mlango wenyewe: kila herufi ni mwito wa mfumo. Mstari wa herufi 80 ni safari 80 za kwenda kwenye keneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, na kurudi. Nyuzi (threads) mbili zikiandika kwa pamoja, herufi zao zinachanganyika katikati ya neno.

## Kuanza sifuri, kwa bafa

Hapa namba inajengwa kutoka nyuma:

```c
static char *geuza(char *mwisho, unsigned long long n,
                   unsigned msingi)
{
    do {
        *--mwisho = "0123456789abcdef"[n % msingi];
        n /= msingi;
    } while (n);
    return mwisho;
}
```

Inarudisha mahali namba inapoanzia, kwa hiyo urefu unaupata kwa kutoa pointa moja kwenye nyingine, na upana haukusumbui tena. `do` imewekwa kwa ajili ya sifuri, maana `while` ya kawaida isingetoa kitu. Nafasi ya muda inahitaji tarakimu 20 kwa namba kubwa ya biti 64 katika msingi wa kumi, 22 kwa msingi wa nane, na 64 ukitaka msingi wa mbili. Weka 64 usahau.

Kanuni za alama zinazokaa kati ya `%` na herufi ndizo zinazokula muda. Kwa namba kamili, `0` inapuuzwa pakiwepo `-`, na inapuuzwa tena pakiwepo usahihi, yaani namba inayofuata nukta. Usahihi ni idadi ya chini ya tarakimu, alama ya kujumlisha haimo kwenye hesabu yake, kwa hiyo `%+5.3d` ya 7 inatoa nafasi moja kisha `+007`. Usahihi wa sifuri pamoja na thamani ya sifuri hautoi tarakimu yoyote, hata ile 0 yenyewe. Kwa `%s` usahihi unageuka kuwa kikomo cha juu, na hapo ni marufuku kuita `strlen`: mwitaji ana haki ya kukupa safu isiyo na sifuri mwishoni, mradi aseme `%.4s`.

Ujumbe ukishakamilika kwenye bafa unautoa kwa `write` moja, na mchanganyiko wa nyuzi unapungua sana. Kwenye paipu, POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix) inaahidi kwamba maandishi yasiyozidi `PIPE_BUF`, ambayo kwenye Linux ni baiti 4096, hayatakatwa katikati na mwandishi mwingine. Lakini `write` ina uhuru wa kuandika pungufu ya ulichoomba, kwa hiyo bado unahitaji kitanzi kinachoendelea na kilichobaki.

Mlango huu una ukorofi wake. Ukichanganya funksheni yako na `printf` ya kawaida kwenye programu moja, teminalini utaona mpangilio sahihi, maana huko `stdout`, tokeo la kawaida ambalo `printf` huandikia, humwagwa kila mstari unapoisha. Elekeza tokeo kwenye faili na mistari yako yote inatangulia juu, ile ya `printf` inafuata chini: `stdout` sasa inasubiri bafa yake ijae, wewe unaipita pembeni kwa `write`. Ama uite `fflush(stdout)` kabla, ama utoe kwa `fwrite` badala ya `write`. Nashauri la pili. Kupitia pembeni kuna maana pale tu ambapo hakuna `stdout` ya kuipita.

## Mlango kama kigezo

Mara ya tatu nilipoandika `printf` nilikuwa na milango miwili, poti ya siriali na sehemu ya kumbukumbu ya kuweka ujumbe wa mwisho kabla ya mashine kuanguka. Nilikuwa tayari nimenakili injini nzima kwa ajili ya mlango wa pili kabla sijajishtukia. Saini iliyoniokoa ni hii:

```c
typedef void (*mlango_fn)(void *hali, const char *s, size_t n);

int chapa_kwa(mlango_fn mlango, void *hali,
              const char *muundo, va_list v);
```

Injini inatoa vipande, mlango unavipokea, injini inahesabu. Mlango wa poti unatuma baiti. Mlango wa kumbukumbu unanakili mpaka nafasi iishe, kisha unatupa kinachozidi, na kwa kuwa hesabu iko kwa injini, ghafla una tabia ileile ya `vsnprintf` bila kuiandika mara ya pili. Mlango usiofanya chochote ni kipimo cha urefu. Hata majaribio yanakuwa rahisi, kwa sababu mlango wa majaribio ni safu ya herufi tu.

Gharama yake ni mwito kupitia pointa kwa kila kipande, na kompaila mara nyingi hushindwa kuuyeyusha ndani ya mwitaji. Ukiwa unatoa vipande na si herufi moja moja, gharama hiyo haionekani. Kati ya njia tatu za kuanza sifuri, hii ndiyo ningempa mtu yeyote asiye na maktaba, hata mwenye mlango mmoja. Wa pili huja.

## switch au jedwali la pointa

Swali hili hupewa uzito kuliko linavyostahili. Jedwali la pointa za funksheni, linalosomwa kwa herufi yenyewe, linaonekana nadhifu: nafasi 256, baiti 2048 kwenye mashine ya biti 64, karibu zote tupu. Usisahau kugeuza herufi kuwa `unsigned char` kwanza, kwa kuwa kwenye mashine nyingi `char` huwa na alama na faharasa hasi itakupeleka nje ya jedwali.

Kinachonirudisha kwenye `switch` ni `va_list` tena. Kila funksheni ya jedwali inahitaji kuchukua kigezo chake na kumwachia mwitaji aendelee na kinachofuata, na ukiipitisha `va_list` kwa thamani hilo haliruhusiwi. Unafikiria kupitisha anwani yake, lakini `va_list` iliyoingia kama kigezo, pale ambapo ni safu, imeshageuka pointa, na `&v` haina tena aina unayoitaka. Watu huishia kuifunga ndani ya `struct` kwa `va_copy`. Inafanya kazi, ila kwa herufi tisa au kumi, `switch` moja yenye `va_arg` zote mahali pamoja inasomeka zaidi, na mara nyingi kompaila yenyewe huigeuza kuwa jedwali.

Ndani ya `switch` hiyo kumbuka kwamba `char` na `short` hufika zikiwa `int`, na `float` hufika ikiwa `double`. `va_arg(v, char)` ni kosa. GCC inakuonya kwamba msimbo huo ukifikiwa programu itakatishwa, na kweli inakatishwa. Kwa `%hhd` chukua `int`, halafu ipunguze kuwa `signed char`.

## Herufi zako mwenyewe

Hapa kuna mgongano wa kweli. Ukibuni herufi mpya, ile `format(printf, 1, 2)` inaanza kukupigia kelele, na ukiizima unapoteza ukaguzi wote kwa ajili ya herufi moja. Keneli ya Linux ilipata njia ya kupita katikati: vibainishi vyake vya ziada vimejificha nyuma ya `%p`. `%pI4` hutoa anwani ya IPv4, `%pM` anwani ya MAC. Kompaila inaona `%p` na pointa, inaridhika, kisha inachukulia `I4` kuwa maandishi ya kawaida. Injini ya keneli inayasoma kama maagizo. Sharti ni kwamba kitu kije kwa pointa. Kama vitu vyako vya pekee ni miundo, nakili mbinu hii bila aibu.

Kwa wanaotaka `%b` ya msingi wa mbili, C23, toleo la 2023 la kiwango cha C, imeiweka rasmi, kwa hiyo ukiiongeza ifuate maana hiyohiyo.

## Desimali

Usiandike `%f` mwenyewe kama unaweza kuikwepa. Njia ya haraka, ya kuchukua sehemu kamili kwa kuigeuza `unsigned long long` na kuzidisha mabaki kwa kumi, inavunjika thamani ikifika 2 kwa kipeo cha 64, ilhali `double` kubwa kuliko zote ina tarakimu 309 kabla ya nukta. Hata kwa namba ndogo inakosea katika kukadiria. 0.1 iliyohifadhiwa si 0.1: `%.20f` sahihi hutoa 0.10000000000000000555. Kazi hii ina historia ndefu ya watu makini. Steele na White walichapisha njia yao mwaka 1990, na Ulf Adams alileta Ryu, algorithimu ya kazi hiyohiyo, mwaka 2018. Muda wote huo katikati haukupita bure. `printf` ya keneli ya Linux haina desimali kabisa. Kwenye kifaa kidogo, toa milivolti kama namba kamili na uweke nukta kwa mkono.

## Kabla hujaikabidhi

Mpinzani wako wa majaribio ni `snprintf` ya mashine yako: zungusha alama, upana, usahihi na thamani za pembeni, linganisha maandishi, na ulinganishe pia namba inayorudishwa, kwa sababu huko ndiko injini nyingi za nyumbani hukosea kimyakimya. Ila usiige kila kitu. `%p` ya NULL kwenye glibc ni `(nil)`, kwenye macOS ni `0x0`, na zote ni halali. `%s` ya NULL haina ahadi yoyote. Glibc hutoa `(null)`, lakini `printf("%s\n", p)` ileile GCC huweza kuigeuza `puts(p)`, na hiyo inaanguka. Chagua chako na ukiandike kwenye maelezo.

Kisha jaribu muundo unaoishia na `%` peke yake. glibc hurudisha -1. Injini yangu ya kwanza iliiruka ile sifuri ya mwisho, ikaendelea kusoma kilichokuwa jirani yake kwenye kumbukumbu, ikakuta `%s` ya ujumbe mwingine, ikaenda kutafuta kigezo ambacho hakuna aliyekuwa amekitoa.